Saa Tatu na Dakika Kumi

Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anasema kama na barua nayo hutaijibu ataamini kwamba masikio hayakustaafu peke yake, vidole navyo vimefuata. Najua simu huisikii tena, ndiyo maana naandika.

Nina jambo la kazi. Huu ni mwezi wa nane tangu niajiriwe ukarani hapa kwenye stoo ya chanjo, ulikokuwa fundi miaka yote ile, na bado niko kwenye majaribio. Kile kidude cha kupima joto ulichokifunga ukutani nje ya chumba cha baridi bado kinafanya kazi, na waya wake unaingia kwenye kompyuta yangu kama ulivyouacha. Kila Jumatatu nachapisha karatasi moja tu, yenye nyuzi za juu kabisa za wiki na za chini kabisa. Siku zote huwa sita na tatu, au tano na tatu. Leo imetoka kumi na tisa.

Mkuu wa Stoo ameshika kichwa. Anataka kujua joto lilipanda siku gani na saa ngapi, ili ajue ilikuwa zamu ya nani na ni chanjo zipi zimeharibika. Nimemwambia faili lenye kumbukumbu zote limo ndani ya kompyuta. Sikumwambia kwamba sijui kulifungua. Karani aliyenitangulia alihama bila kuniachia hata kipande cha karatasi. Kikao ni tarehe 14.

Naomba unieleze, faili lile linafunguliwaje? Je, kidude kinaweza kukosea? Halafu, nauliza tu, mlango wa chumba ukiachwa wazi mchana, tuseme mtu amepitiwa, joto linaweza kufika huko? Na kidude kitaliandika?

Samahani kwa usumbufu. Bahasha nimeifungua mara mbili kuhakikisha nimeweka anwani yako sawasawa.

Mpwa wako,
Karani

*

Tarehe 8 Machi

Bi Hakika, mpwa wangu,

Marahaba. Naona jina nililokupa halijachakaa. Ulikuwa na miaka sita, na kila jioni ulirudi mara tatu kuangalia kama mlango wa jikoni umefungwa. Leo unafungua bahasha uliyoifunga mwenyewe. Mwambie dada yangu vidole viko kazini.

Nimefurahi mno kuulizwa. Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza kitu ila kama nimekula.

Kwenye kompyuta tafuta folda inayoitwa BARIDI. Humo mna faili moja kwa kila mwezi. Lifungue kwa programu ya kuandikia maneno matupu, siyo ile ya kuchapishia. Utaona mistari mpaka macho yaume. Kila mstari una vitu vitatu, yaani tarehe, saa na nyuzi. Kila baada ya dakika kumi kidude hutuma mstari mmoja kupitia ule waya wa pini tisa, na kompyuta huupokea na kuuongeza chini ya ile iliyotangulia. Haitii neno lake. Hata saa inayoandikwa ni ya kidude, siyo yake. Hapo kompyuta ni karani kama wewe, usininunie: inaandika inachoambiwa, haiulizi. Ukikuta vijidudu na alama za ajabu badala ya namba, ujue mtu kagusa kwenye kompyuta ile kasi ya kupokea namba kutoka kwenye waya. Irudishe elfu tisa mia sita.

Kukosea nyuzi, hapana. Nilikichovya mwenyewe kwenye barafu nikakisoma, nikakitoa nikakisoma. Kidude kile hakina hila.

Mlango, ndiyo. Ukikaa wazi saa mbili au tatu za mchana utazipata hizo kumi na tisa. Lakini ni nani wa kuuacha wazi? Ule mlango ni mzito, hujirudi wenyewe. Labda mtu auwekee kitu.

Msalimie Tochi. Mwambie bado nikimkumbuka nacheka peke yangu. Mlinzi wa usiku miaka ishirini na miwili, na bado mchana anatembea na tochi mfukoni, eti hajui giza litamkutia wapi!

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 17 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ahsante sana, bila wewe ningeumbuka. Faili nimelipata na hakukuwa na vijidudu. Tarehe 26 Februari, mstari wa 03:10 nyuzi zinaanza kupanda, na mstari wa 05:40 zinaanza kushuka. Kwa hiyo ilikuwa usiku, kuanzia saa tisa na dakika kumi mpaka saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Nilipoiona ile sifuri na tatu nilishusha pumzi mpaka karatasi ikapeperuka.

Kikao kimekwisha. Mlinzi wa zamu ameachishwa kazi. Wanasema usiku ule ulikuwa wa joto, akaufungua mlango na kuuegemeza ili akae kwenye ubaridi, usingizi ukamchukua. Yeye amekana. Boksi thelathini na moja zilizokuwemo usiku ule zimeandikiwa kuteketezwa. Zile kumi na nne zilizofika asubuhi yake ziko salama, kwa kuwa ziliingia joto likiwa limekwisha. Mkuu amenisifu mbele ya watu kwa kulisoma faili.

Kulikuwa na kichekesho pia, nikuhadithie. Mkuu alimwuliza, "Saa tisa usiku ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Napita kila saa, nabonyeza kitufe cha pembeni, nasoma saa na nyuzi."

"Mbona hukuona joto?"

"Halikuwapo, Mkuu."

Wakampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akafuata mstari kwa kidole. "Lakini hapa pameandikwa saa tatu. Saa tatu mimi niko kwangu, nakunywa chai."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Dereva akamwambia, "Mzee, hiyo ni saa ya kompyuta, siyo ya jogoo wako!" Yeye akashikilia kwamba usiku kidude huwa kinaonyesha kumi na tano, kumi na nane, mpaka ishirini. Watu wakacheka mpaka Mkuu akagonga meza. Mimi nilikuwa naandika muhtasari. Nilicheka pia.

Salamu zako sijazifikisha. Babu Tochi hayupo kazini siku hizi.

Mpwa wako,
Karani

*

Tarehe 22 Machi

Mpwa wangu,

Hicho siyo kichekesho.

Nilipokifunga kidude, saa yake ilikuwa kama ya kompyuta. Asubuhi ya kwanza Tochi alinisubiri mlangoni. "Fundi, kidude chako kina wazimu. Kinasema saa sita, na jua ndiyo kwanza linachomoza." Nilimwona amefadhaika. Yeye ndiye angekisoma kila usiku, siyo mimi, wala siyo wakubwa. Basi nikairudisha saa nyuma kwa saa sita, ikawa saa yetu. Jua likichomoza kinaanza siku mpya kwenye sifuri, na saa moja asubuhi kinaandika moja. Ikiingia jioni hakirudi kwenye moja, kinaendelea na kumi na tatu, kwa hiyo saa tatu usiku ni kumi na tano. Tochi alijifunza kwa siku mbili.

Sasa soma tena karatasi yako. Kila alichosema mzee yule ni kweli. Palipoandikwa 03:10 ni saa tatu na dakika kumi. Asubuhi.

Usiniamini mimi. Nenda ukabonyeze kitufe cha pembeni, kisha tazama saa ya mkononi mwako.

Hapo stoo mlinzi wa usiku ni mmoja tu, miaka ishirini na miwili sasa. Umeandika "mlinzi wa zamu", halafu chini ukaandika kwamba Tochi hayupo kazini. Kwa nini umemgawa watu wawili?

Na kama joto lilikuwa la saa tatu asubuhi, zile boksi kumi na nne zilikuwa zimeshaingia. Ziko wapi sasa?

Nijibu kwa posta ya kwanza.

Mjomba wako

*

Tarehe 4 Aprili

Mpwa wangu,

Ama barua yangu imepotea, ama wewe umepotea. Naomba iwe barua.

Nimekaa nikajihoji kabla ya kukuhoji wewe. Nilipostaafu sikuandika popote kwamba saa ya kidude ni ya kwetu. Nilimwambia karani wa wakati ule kwa mdomo tu, tukiwa tunacheka, nikaona yatosha. Mtu aliyepima kila kitu kwa barafu akaacha jambo kubwa liishi kwenye mdomo wa mtu mmoja. Kosa hilo ni langu. Nimeliandika kwenye karatasi iliyomo humu, nimetia saini. Mpe Mkuu wa Stoo.

Kuna neno lako moja sikulitilia maanani mara ya kwanza. Kabla hata faili halijafunguliwa uliniuliza habari ya mlango ulioachwa wazi mchana. Ukasema unauliza tu.

Bi Hakika, wewe ni mtoto wa dada yangu, na hakuna utakachoniandikia kikageuza hilo. Lakini uandike. Nisipopata jibu hadi tarehe 15, nakuja mwenyewe, na masikio haya haya.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako haikupotea. Ilinifikia tarehe 25 Machi, na nimetembea nayo kwenye mkoba siku kumi na tano.

Siku ile ile nilikwenda kwenye kidude. Nilingoja korido iwe tupu, nikabonyeza. Kilionyesha 08:20. Saa yangu ya mkononi ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana. Sikuhitaji kuhesabu kitu. Nilirudi mezani nikaendelea kupanga mafaili mpaka wakati wa kuondoka.

Sasa nakuandikia niliyoyaficha. Tarehe 26 Februari boksi kumi na nne zilifika saa mbili asubuhi. Saa tatu nikaingia nazo chumbani kuzihesabu. Kitasa cha ndani kilikuwa kibovu tangu Januari, na mimi naogopa kufungiwa mle. Naogopa hata kukuandikia hivyo. Basi nikaweka boksi tupu kwenye kizingiti ili mlango usijirudi. Kabla sijamaliza, Mkuu akaniita ofisini niandike barua ya haraka. Niliandika barua tatu. Niliporudi ilikuwa saa tano na dakika arobaini na boksi lilikuwa pale pale kizingitini. Nikalitoa, mlango ukafunga. Korido ilikuwa tupu. Sikumwambia mtu.

Karatasi ya kumi na tisa ilipotoka nilijua ni mimi. Ndiyo maana nilikuuliza habari ya mlango. Halafu ukanifundisha kufungua faili, nikaona 03:10, na nikataka sana iwe usiku. Nilitafuta na 09:10, nikakuta nyuzi nne. Nikajiambia labda chumba kiliuvumilia mlango wangu, na usiku ule ule kulikuwa na mlango mwingine. Lakini kutoka 03:10 mpaka 05:40 ni saa mbili u nusu, Mjomba. Ni urefu ule ule. Niliuona, nikaupa kisogo, nikaenda kikaoni na kalamu yangu.

Ndiyo, mlinzi ni Babu Tochi. Nilimgawa watu wawili ili wewe usiumie, ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba ningeandika jina lake nisingeweza kuandika kwamba nilicheka.

Umeuliza boksi ziko wapi. Nimebaki na tano. Tisa zimekwenda kwenye vituo vya afya, na mbili kati ya hizo zimetoka hapa baada ya barua yako kunifikia. Saini ya kuzitoa ni yangu. Kila nilipotaka kusema nilifikiria majaribio yangu, nikamfikiria Mama anavyowaambia majirani "binti yangu yuko ofisini". Jana muuguzi mmoja alikuja kuchukua nyingine. Alikuwa na mtoto wake mgongoni, akasema huyu naye anachanjwa wiki hii. Nikamwambia stoo imefungwa kwa ajili ya hesabu. Ulikuwa uongo, lakini alirudi mikono mitupu, na nilipomwona akishuka ngazi nikajua siwezi tena.

Nakuandikia wewe kwanza, kisha naandika ya Mkuu. Hii naitia posta njiani, kabla ya kufika ofisini, ili nikifika mlangoni kwake na miguu ikakataa, iwe tayari kuna mtu anayejua.

Humu nimeweka nakala ya nitakayompa. Karatasi yako naiambatanisha, lakini nimemwandikia kwamba hukujua lolote la mlango.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Aprili

Kwa Mkuu wa Stoo,

KUHUSU: JOTO LA TAREHE 26 FEBRUARI

Naomba kukujulisha kwamba taarifa niliyotoa kwenye kikao cha tarehe 14 Machi haikuwa sahihi.

Saa ya kidude kilichounganishwa na kompyuta iko nyuma ya saa ya ofisi kwa saa sita, kwa kuwa ilitegwa kwa saa za Kiswahili. Maelezo ya fundi aliyeitega yameambatanishwa. Unaweza kuthibitisha sasa hivi kwa kubonyeza kitufe cha pembeni. Mstari wa 03:10 maana yake ni saa tatu na dakika kumi asubuhi. Wakati huo mlinzi wa usiku alikuwa ameshakabidhi zamu zaidi ya saa mbili zilizopita.

Mlango uliachwa wazi na mimi. Nilikuwa peke yangu. Nilijua tangu siku ile kwamba nimeuacha wazi, na tangu tarehe 25 Machi nimejua kwamba mistari ile ni yangu.

Boksi kumi na nne zilizofika asubuhi hiyo zilikuwemo chumbani. Tano ziko kwenye rafu ya chini, nimezifunga utepe mwekundu. Tisa ziko kwenye vituo, na orodha ya vituo hivyo, pamoja na siku za kutoka, iko nyuma ya karatasi hii. Naomba ianze kushughulikiwa leo, kabla ya jambo lolote linalonihusu.

Naomba pia muhtasari wa kikao urekebishwe. Pale nilipoandika "mlinzi hakuwa na maelezo ya maana", si kweli. Alikuwa na maelezo, na yalikuwa sahihi.

Karani wa Stoo

*

Tarehe 2 Mei

Kwako binti,

Nimepata barua zako mbili. Mimi si mwandishi, kwa hiyo nakujibu zote kwa hii moja.

Juzi ulipokuja kwangu nilikuwa ndani. Nilikuona kupitia dirisha. Ulibisha hodi mara tatu, ukakaa kidogo, ukaondoka. Ukalifunga geti, ukaenda hatua kumi, ukarudi kuangalia kama limefunga. Nikataka kucheka, nikataka na kukufungulia. Sikufanya hata kimoja.

Wamenirudisha kazini tangu tarehe 22 Aprili. Mkuu aliniomba radhi mbele ya wale wale. Dereva alitazama viatu vyake. Nasikia wewe ndiye uliye nyumbani sasa, na hujui kama watakurudisha. Mimi sikuwaambia wakufukuze, wala sikuwaambia wakubakishe. Sikuulizwa.

Najua unataka kujua habari za boksi. Sita zimerudi na mihuri yake. Tatu zilikuwa zimeshatumika. Wauguzi wanapita nyumba kwa nyumba na daftari, wanawaita watoto warudi kuchanjwa upya. Mpaka jana walikuwa wamewapata wote isipokuwa kumi na mmoja. Kila jioni nikiingia zamu nauliza wamebaki wangapi.

Fundi alikuja mwenyewe. Tulipiga kelele kama wehu, maana yeye hasikii nami sisikii vizuri. Amekirekebisha kidude, sasa kinasema kama kompyuta, na kitasa cha ndani amekitengeneza. Ubavuni mwa kidude amenibandikia karatasi yenye herufi kubwa: TOA SITA, na chini yake kwa herufi ndogo, ikipita saa sita usiku ongeza sita. Usiku wa kwanza nilitoa sita kila mahali, hata kwenye ngazi.

Sasa neno lako. La mlango limekwisha. Mlango ni mlango, na woga wa kufungiwa hata mimi ninao, ndiyo sababu ya hii tochi. La kukaa kimya siku kumi na tano umelisema mwenyewe kwa saini yako, na wengi wangelimeza. Nalo naliacha.

La kucheka bado. Nilitazama chumba kizima siku ile nikitafuta mtu mmoja asiyecheka, nikafika kwako mwisho, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiniamkia kila asubuhi nikikabidhi zamu. Hilo bado liko kifuani. Sitakudanganya kwamba limetoka. Ukija tena bisha hodi, nitafungua, lakini usilitaje. Likitoka nitakuambia mimi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Nimeimaliza saa tatu na dakika kumi. Niko kwangu, nakunywa chai.

Tochi